Siku Ambayo Rodah Hakuitaja

Kila asubuhi Rodah na mumewe Kipkosgei, wazazi wa Fancy, hukamua ng'ombe, hunywa chai, kisha huenda pamoja kazini kwenye kiwanda cha chai, huko Konoin. Rodah huchambua chai kavu. Kipkosgei hulisha mashine ya kukata majani mabichi. Meno ya mashine hiyo hayabagui jani na kidole. Na Kipkosgei, nisimfiche, alikuwa mtu wa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji.

Mwaka huu kiwanda kiliamua kupima wafanyakazi pombe na dawa za kulevya. Rodah alichaguliwa kwenye kamati ya usalama. Meneja alitaka watu wapimwe getini, kwa foleni, wote wakiangalia. Rodah alikataa.

"Mtu akipatikana pale getini, hata watoto wake watachekwa shuleni," alisema. "Tupimwe ndani ya chumba. Na wakubwa pia wapimwe."

Meneja alikuna kichwa, akakubali. Kanuni ziliandikwa, zikasomwa kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi wote. Kila mtu ana nambari, meneja pia. Watakaopimwa huchaguliwa kwa kura, nambari zikiokotwa bila kuangalia. Siku yenyewe inajulikana na kamati peke yake.

Hapo ndipo shida ilipoingia nyumbani.

"Mama Fancy, si uniambie tu hiyo siku," Kipkosgei alisema Jumamosi, wakichuma chai yao. "Nitaacha kunywa siku mbili kabla, nikuwe sawa."

"Siwezi."

"Mimi ni bwana yako. Unataka nifutwe kazi?"

Rodah aliumia sana moyoni. Akitaja siku, kazi ya mumewe itabaki. Nani angejua? Siku nzima alichuma bila kuona anachochuma.

Jumatatu alienda kwa Eucabeth, muuguzi wa kiwanda.

"Sista, mtu akijua anakunywa, afanye nini kabla ya kupimwa?"

Eucabeth hakuuliza ni nani. "Akuje mwenyewe. Kanuni yetu inasema anayekuja mapema anasaidiwa, hafutwi. Tunamtoa kwa mashine, anapewa kazi nyingine, anaona daktari na mshauri. Lakini akingoja mpaka apatikane, hiyo ni kesi ya nidhamu."

"Na akiacha peke yake nyumbani?"

"Kama amezoea kila siku, asiache ghafla bila daktari. Mwili unaweza kutetemeka, hata aanguke."

"Kuna wenye wanasema ukitafuna majani mabichi ya chai, pombe haionekani."

Eucabeth alicheka kidogo. "Jani linaficha harufu ya mdomo. Kifaa chetu kinapima pumzi kutoka kwa mapafu. Bangi nayo tunapima kwa mkojo. Kifaa kikionyesha pombe, tunangoja dakika kumi na tano, tunapima tena, ndio mtu asionewe. Na majibu hayasomwi mbele ya watu."

Jioni Rodah alimweleza mumewe yote. Kisha akasema, "Baba Fancy, siku sitakuambia, hata ukikasirika. Lakini kwa Sista nitaenda na wewe."

Kipkosgei alisukuma sahani ya ugali. Jumatano asubuhi, njiani, alitema majani ya chai aliyokuwa akitafuna.

"Twende basi," alisema.

Siku hiyo hiyo alihamishiwa stoo, kupanga magunia. Daktari alimpa dawa. Kila Ijumaa alikaa na mshauri. Wenzake wengine walimtania, lakini alivumilia. Aliteleza mara moja, akanywa, akaenda kusema mwenyewe. Baada ya miezi minne, daktari alimruhusu kurudi kwenye mashine.

Wiki chache baadaye, kamati ilipanga kupima siku ya Alhamisi. Rodah alijua tangu Jumatatu. Alhamisi asubuhi alimmiminia mumewe chai bila kuitaja siku. Kabla ya saa sita mchana nambari ziliokotwa. Nambari ya meneja ilitoka. Ya Kipkosgei pia ilitoka.

Rodah hakumwona tena hadi walipotoka kazini.

"Nimepimwa," Kipkosgei alisema. "Sina kitu."

Walitembea kidogo. Kisha akaongeza, "Mama Fancy, kama ungeniambia ile siku, ningeacha hizo siku mbili tu. Kesho yake ningerudi kwa mashine nikiwa mlevi."

Rodah alifuta machozi, akamshika mkono, wakaenda kukamua ng'ombe.