Mfarishi wa Kokoo Wachuja Rangi

Nyumbani kwa Kinyanjui, huko Kitengela, kulikuwa na sheria moja kubwa: vumbi libaki nje. Kinyanjui alifanya kazi ya kukata mawe kwa mashine. Kila jioni alirudi amejaa vumbi la kijivu, kuanzia nyusi mpaka viatu. Mke wake, Naisenya, alimngoja mlangoni na karai la maji.

"Kung'uta kwanza," alisema kila siku. "Salamu baadaye."

Kinyanjui alikung'uta, akaosha miguu, ndipo akapewa salamu yake na chai.

Sheria hiyo ilikazwa zaidi siku Kokoo alipoleta mfarishi. Kokoo ni bibi kwa Kimaasai. Kokoo huyu alikuwa mama yake Naisenya. Aliishi Bisil, akiuza mbuzi sokoni, na jioni alishona. Mfarishi ni blanketi la vipande vya nguo vilivyounganishwa kwa sindano. Wa Kokoo ulikuwa na vipande vya shuka nyekundu ya Kimaasai na vipande vya pamba nyeupe. Aliushona kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mjukuu wake Nashipae, aliyepewa jina lake. Ulikuwa mzuri hata majirani walikuja kuutazama.

Sasa, Kinyanjui hakuogopa mashine wala mawe, lakini alimwogopa Kokoo. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Kwa heshima ya kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawataniani. Kokoo alishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Tangu harusi, hakuwahi kumwambia Kinyanjui neno moja kwa moja, ila salamu tu. Akitaka kusema kitu, alikipitisha kwa wengine. "Mwambieni baba ya mtoto chai imeiva." Na baba ya mtoto amekaa papo hapo, anasikia kila kitu.

Kinyanjui hakulalamika. Lakini moyoni alitamani sana siku moja Kokoo amtazame na kumwambia neno lake mwenyewe. Hata kama ni la kumkemea.

Ijumaa moja, Naisenya alikwenda Kajiado na mtoto kwa semina ya walimu. Wangelala kwa dada yake, kisha Jumamosi wangerudi pamoja na Kokoo. Kokoo alitaka kuuona mfarishi wake kwenye kitanda cha mtoto.

"Usiingie kile chumba cha mtoto," Naisenya alimwambia mumewe kabla ya kuondoka. "Ukitaka kitu huko, nipigie simu kwanza."

"Mimi ni mtoto?"

"Nipigie simu kwanza."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mashine iliharibika, na Kinyanjui akarudi nyumbani mchana. Mlangoni hapakuwa na karai, wala mtu wa kumwambia akung'ute. Akaingia na viatu vyake, akitafuta chaja ya simu. Aliikuta kwenye chumba cha Nashipae. Akaketi kitandani kidogo. Kisha akajinyoosha kidogo, apumzishe mgongo.

Alipoamka na kusimama, aliona mtu amelala kitandani. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, amechorwa kwa vumbi juu ya mfarishi. Kichwa kilionekana, mabega yalionekana, hata masikio yalionekana.

"Uuui!" alisema Kinyanjui. "Kokoo atanijua kwa masikio!"

Akaamua kuufua haraka, kabla hajajulikana. Hakumpigia mtu simu. Alichemsha maji, kwa sababu alisikia kwamba maji moto hutoa uchafu. Akachukua beseni dogo, kwa sababu Kitengela maji hununuliwa, na mtu mwenye akili hayamwagi ovyo. Akatia sabuni ya unga nyingi. Mwisho akatia chumvi, konzi mbili nzima, kwa sababu kila mtu husema chumvi hushika rangi. Akaushindilia mfarishi ndani kama mtu anayefunga gunia la mkaa. Kisha akaenda kutazama mpira.

Mpira ulipoisha, maji yalikuwa mekundu. Kinyanjui akainua kona moja ya mfarishi. Vipande vyeupe havikuwa vyeupe tena. Vilikuwa vya pinki, kama ulimi wa ng'ombe.

Akamwaga maji hayo mbio. Yakapita chini ya lango mpaka barabarani. Hapo nje alikuwa Makokha, mwendesha boda boda wa mtaa ule, akingoja abiria. Makokha aliyatazama maji mekundu, akachungulia langoni akitabasamu.

"Baba Nashi, mmechinja na hamsemi?" aliuliza. "Hata maini kidogo tu, jirani?"

"Hakuna nyama, Makokha! Ni nguo!"

"Sawa, sawa. Watu wakitaka kula peke yao, husema ni nguo."

Makelele hayo yalimtoa jirani mwingine nje. Huyu alikuwa Habibo, Mama Abdihakim, mwenye duka la vitambaa pale sokoni. Aliuza leso, madera na mashuka ya kila aina. Alimkuta Kinyanjui anabeba mfarishi kuupeleka kwenye kamba, juani, huku jasho linamtoka.

"Baba Nashi, simama hapo!" alisema Habibo. "Unaenda wapi na hiyo?"

"Naanika, Mama Abdihakim. Jua itakula hii pinki."

"Jua haikuli, jua inapika! Hii ikikauka hivi, rangi itashika kwa hiyo nyeupe, na kuitoa itakuwa kazi ngumu sana. Rudisha chini. Usiikamue."

Kinyanjui akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Abdihakim, nimekwisha. Kokoo anakuja kesho. Huyu mama hajawahi kuniongelesha. Sasa hata salamu nitanyimwa."

Habibo alimwonea huruma, lakini pia alitaka kucheka. Akameza kicheko.

"Niambie ulifanya nini. Usifiche."

Kinyanjui akaeleza yote: maji moto, beseni, sabuni, mpira. "Lakini niliweka chumvi!" alijitetea. "Nyingi! Si chumvi inashika rangi?"

"Nani alikuambia?"

"Watu wote."

"Wewe, maji ya kisima ya Kitengela iko na chumvi tayari. Hata chai tunakunywa inajua. Kama chumvi ingeshika rangi, hapa hakuna nguo ingechuja!"

Kinyanjui alifikiri kidogo.

"Na siki?" aliuliza.

"Siki pia haisaidii. Sikia, mimi nauza nguo miaka mingi. Shuka nyekundu ikiwa mpya, kuna rangi imebaki juu, haijashika kwa uzi. Ikipata maji, hiyo rangi inatoka. Kutoka si shida. Shida ni itaenda wapi. Wewe uliweka maji kidogo, tena moto. Rangi ikatoka kwa wingi, haikupata pahali pa kwenda. Ikakalia nyeupe."

"Sasa nifanye nini? Niweke dawa ya kutoa madoa?"

"Hapana! Hiyo itakula uzi, na nyekundu itakuwa na mabaka. Dawa ya hii ni maji. Maji mingi."

"Mingi kiasi gani?"

Habibo alitazama tangi la maji lililokuwa nyuma ya nyumba. Kinyanjui naye akalitazama. Yeye na mkewe walikuwa wamelijaza wiki hiyo hiyo, na lilikuwa la kuoga, kupika na kila kitu.

"Kwanza, uko na bafu la mtoto? Lile kubwa?" aliuliza Habibo.

Bafu likaletwa. Wakalijaza maji safi ya kawaida, yasiyo moto. Habibo akatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu. "Sabuni hii itashikilia rangi ndani ya maji, isirudi kwa nguo," alisema. Wakautia mfarishi polepole, wakautandaza, wakausukuma wote chini ya maji. Kona moja ikachomoza juu. Habibo akairudisha.

"Usiache kipande nje. Pahali imechomoza, rangi itapanda na kukaa hapo."

Baada ya muda, Habibo akachota maji kwa kikombe cheupe. "Ona."

Maji katika kikombe yalikuwa ya pinki.

"Maji ikiwa na rangi, mwaga, weka mengine. Ukichota na kikombe nyeupe na uone maji safi, hapo umeshinda. Lakini usiiache na uende mpira."

"Sitaenda mpira tena maisha yangu yote."

"Usiape, Baba Nashi. Badilisha maji tu."

Kinyanjui akabadilisha maji. Kila alipomwaga, moyo ulimuuma, kama kwamba anamwaga maziwa. Habibo akamwonyesha kuyaweka kwenye ndoo, yatumike chooni na kuoshea uani. Akachota, akamwaga, akachota tena. Pinki ikaanza kuondoka kwenye vipande vyeupe, taratibu, kama haya inayotoka usoni. Vumbi nalo lilikuwa limeondoka zamani, masikio na yote.

Mwishowe kikombe kikaonyesha maji safi. Kinyanjui akaruka juu kama amefunga bao.

"Bado," alisema Habibo. "Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Usiikunje ikiwa na maji, nyekundu ikalalia nyeupe. Usiikamue kwa kusokota. Ifinye ndani ya taulo safi. Halafu itandaze kivulini, kwa upepo, juu ya kitambaa safi. Ikauke haraka."

Upepo wa Kitengela haununuliwi. Ukavuma, na kesho yake saa sita mchana mfarishi ulikuwa umekauka. Kinyanjui akautandika kitandani. Vipande vyekundu vilikuwa vyekundu, na vyeupe vilikuwa vyeupe. Isipokuwa kipande kimoja cha kona. Hicho kilikuwa kile kilichokaa chini kabisa kwenye beseni, na kilibaki na pinki hafifu. Kinyanjui akakiingiza chini ya mto.

Jioni wakafika: Naisenya, Nashipae, na Kokoo na shanga zake.

"Takwenya, mama," alisalimu Kinyanjui, ameinamisha kichwa.

"Iko," alijibu Kokoo. Akapita.

Kokoo hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mjukuu wake. Akaukagua mfarishi kipande kwa kipande kwa vidole, vile anavyokagua mbuzi siku ya soko. Akainua mto. Akasimama.

Naisenya akatazama kipande cha pinki, kisha akamtazama mume wake. Kinyanjui angeweza kunyamaza. Angeweza hata kusema ni mtoto alimwaga juisi. Lakini Nashipae alikuwa amesimama pale, ameshika kidole cha baba yake.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nililala hapo na vumbi ya kazi. Halafu nikafua vibaya, ikachuja. Habibo akanionyesha njia. Hiyo moja ndiyo ilikataa."

Kokoo alimgeukia. Alimtazama usoni.

"Wewe ndiye umeosha?" aliuliza. "Mwenyewe? Na mkono?"

Naisenya alifungua mdomo kwa mshangao. Kinyanjui naye alitazama nyuma, aone kama kuna mtu mwingine anayeulizwa.

"Ndiyo, mama."

"Na maji ulitoa wapi?"

"Nilimaliza tangi."

"Ulimaliza *tangi?*" alipiga kelele Naisenya. "Tutaoga na nini?"

Kokoo akaanza kucheka. Alicheka mpaka shanga zikalia, mpaka akaketi kitandani na kujifuta machozi. Kisha akataka kuelezwa jambo lote, na Kinyanjui akaeleza, ana kwa ana, kutoka kikombe cheupe mpaka kivuli.

"Basi kosa ni ya watu wawili," alisema Kokoo. "Mimi nilishona shuka mpya bila kuosha. Kwetu maji tunabeba mbali. Nani ataosha nguo haijachafuka?"

"Habibo anasema ni vizuri kuosha nyekundu peke yake kabla ya kushona," alisema Kinyanjui. "Mpaka maji iwe safi. Na kama hujui kama itachuja, lowesha kitambaa nyeupe, uifinye kwa nyekundu. Ikitoka na rangi, hiyo inachuja."

Naisenya akasema atatoa kile kipande cha pinki na kutia kipya. Kokoo akamzuia mkono.

"Wacha. Mtoto akiuliza, mwambieni hiyo ni ya baba yake."

Mvua iliponyesha Bisil, Kokoo alishona mfarishi mwingine. Huu ulikuwa wa mtoto wa Dennis, kaka yake Naisenya. Safari hii aliosha shuka nyekundu kwanza, kwa maji mengi ya mvua, akichota kwa kikombe cheupe mpaka yakawa safi. Ndipo akashika sindano. Mfarishi huo umeshafuliwa mara kadhaa kwa maji ya kawaida, na vipande vyake vyeupe bado ni vyeupe.

Siku ya kumwona mtoto, familia yote ilikutana Bisil. Nashipae aliuzunguka mfarishi mpya, akiangalia kona moja, kisha nyingine.

"Kokoo, hii haina ya baba?"

"Haina," alisema Kokoo. "Huyu baba yake bado hajui kufua."

Dennis akacheka, akaendelea kunywa chai yake. Kokoo hakucheka. Alimgeukia Kinyanjui, mbele ya watu wote.

"Mfundishe," alimwambia.