Kati ya Kahawa na Maharage

Adelgunda alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Mume wake, Ndyamukama, alikuwa anapogoa mibuni karibu na nyumba. Ulikuwa mwezi wa Februari 1955, kijijini Nyakasimbi, Karagwe.

"Mama Projest!" Ndyamukama akaita. "Tutakwenda Aprili."

Adelgunda akaweka kisu chini. Binti yao, Felicitas, aliolewa na mfanyakazi wa reli huko Dar es Salaam. Januari alijifungua mtoto wa kiume. Adelgunda alitamani sana kumpakata mjukuu wake. Lakini safari ilikuwa ndefu: lori mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, kisha treni. Wazee wale wangeweza kuifanya mara moja tu.

"Kwa nini Aprili?" akauliza.

"Kahawa itakuwa haijaiva. Maharage utakuwa umeshayapalilia. Tutakaa hapa kutazamana?"

"Na mvua je?"

Ndyamukama akacheka. "Sisi tumezaliwa ndani ya mvua! Inanyesha asubuhi, mchana tunaanika nguo. Mvua ni mvua tu."

Wakati huo jirani yao Verdiana aliingia uani. Alikuja kununua mkungu wa ndizi. Verdiana alikuwa mke wa mfanyabiashara kutoka Muleba, na aliwahi kukaa Dar es Salaam.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Ndyamukama. "Tunakwenda Dar es Salaam Aprili."

Verdiana akashika kiuno. "Mzee, unakwenda kumwona mjukuu au kuogelea?"

Adelgunda akaangua kicheko. Ndyamukama hakucheka.

"Huku tuko mlimani," Verdiana akaeleza. "Mvua ikinyesha, maji yanateremka, yanakwenda zake. Kule ardhi ni tambarare. Maji yakifika yanakaa. Yanajaza mashimo, yanajaza vyoo, halafu yanaingia ndani bila hodi. Uchafu wa vyoo unafika visimani, watu wanaharisha. Na katika maji yaliyotuama mbu wanazaliana. Sisi wa mlimani homa yao hatujaizoea. Hata reli maji huweza kuikata, mkalala njiani."

"Mvua hiyo haina mwisho?" Adelgunda akauliza.

"Inao, mama. Watu wa pwani wanajua majira yao. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, mvua kubwa. Juni hadi Agosti ni kipupwe: upepo mzuri, mvua chache, jua la kupendeza. Baadaye inakuja vuli, mvua ndogo, mpaka Desemba. Januari na Februari ni joto, unalowa jasho hata kivulini. Nendeni wakati wa kipupwe."

"Juni?" Ndyamukama akaruka. "Kahawa yangu nimwachie nani, nyani? Tutakwenda Septemba."

"Septemba mimi ninapanda maharage," Adelgunda akamkatiza. "Nyinyi wanaume mnayaona yakiwa sahanini, mnadhani yamezaliwa humo."

Verdiana akaficha kicheko katika khanga. Adelgunda akafikiri kidogo.

"Basi twende Agosti," akasema. "Kahawa nyingi itakuwa imevunwa, na mvua ya kupandia itakuwa haijaanza." Halafu sauti yake ikashuka. "Lakini mtoto atakuwa anatambaa. Nilitaka kumshika akiwa bado mchanga."

"Mshike akitambaa, mama, na wewe ukiwa mzima," Verdiana akamwambia taratibu.

Adelgunda akaokota kisu chake. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Na kahawa itakayobaki?" Ndyamukama akauliza.

Projest, mwana wao mkubwa, alikuwa anapasua kuni. "Baba, nitachuma tunda jekundu tu. La kijani nitaliacha. Nitaanika juu ya mkeka, si juu ya udongo. Nirudie tena, au umeshiba?"

"Mtoto huyu ana mdomo," alisema Ndyamukama. Lakini alikubali.

Kabla hawajaondoka, Verdiana aliwaletea chandarua. "Hata kipupwe mbu wapo," akasema. "Laleni ndani yake. Na maji ya kunywa myachemshe."

Agosti walifika salama. Felicitas aliwapokea kwa vigelegele, akawaingiza chumbani. Ndyamukama akaona mstari wa tope ukutani.

"Huu ni nini?"

"Maji ya Aprili, baba. Yalifika hapo."

Ndyamukama akasimama kando ya ukuta. Mstari ulimfika magotini.

"Nyinyi mlilala wapi?"

"Juu ya meza. Mimi, mume wangu na mtoto. Mungu aliwasaidia, hamkuja. Ningewaweka wapi?"

Mzee akavua kofia yake, akaukodolea macho ule mstari.

Nje kulikuwa na jua na upepo. Mchanga wa uani ulikuwa mkavu. Adelgunda alitandika mkeka, akaketi upande mmoja, na mjukuu, Desderius, akawekwa upande wa pili. Mtoto alimtazama bibi yake kwa muda. Kisha akatambaa mkeka mzima mpaka magotini pake, akamshika kidole. Bibi akalia na kucheka pamoja. Akamfunga mgongoni kwa khanga, akazunguka naye ua wote.

"Na mimi nipe," Ndyamukama akaomba.

"Ngoja. Akinilowesha, nitakupa."

Haikuchukua muda, babu akapewa mjukuu.