Mikwaruzo kwenye Jino la Swala

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya meno lilifurika. Wauguzi na mafundi walipigana vikumbo mbele ya kaunta, na boksi la mwisho la dawa ya kuchukulia chapa za meno, ile inayoganda kama mpira, likashikwa na mikono miwili kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa mtafiti wa makumbusho, binti mwembamba aliyevaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe. Wa pili ulikuwa wa fundi wa meno ya bandia, kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, nyusi zimejaa vumbi la plasta.

"Samahani, dada. Kuna bibi kizee ananisubiri. Mjukuu wake anaolewa Ijumaa, naye hana hata jino moja la kuchekea."

Binti akaachia. "Chukua tu, kaka. Wangu hawana haraka."

"Wagonjwa wako?"

"Swala. Walishakufa."

Fundi alicheka mpaka muuzaji akageuka. Akaomba namba yake ya simu, eti amjulishe mzigo mpya ukifika. Mzigo haukufika, lakini simu ilipigwa kila jioni.

"Wagonjwa wako hawajambo?"

"Wametulia."

"Na daktari wao?"

"Yupo," binti alijibu jioni moja, akitabasamu peke yake mbele ya kabati la mafuvu.

Wiki ya tatu, taya la swala lilimponyoka mkononi likavunjika vipande viwili. Lilikuwa taya pekee la swala aliyekufa mwaka wa ukame, na ripoti yake ilitakiwa baada ya siku kumi.

"Lilete," fundi alisema. "Kuunga ndiyo kazi yangu."

Alilipeleka limeviringishwa kwenye pamba. Alitaka kumweleza anachokitafuta kwenye meno yale, lakini jinsi alivyokuwa akitazamwa, maneno yalimkaukia mdomoni. Akasema tu, "Usiliharibu."

"Nitalitunza kama mboni ya jicho langu, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Binti akatoka bila kukumbuka hata mkoba wake.

Siku mbili baadaye taya lilikuwa zima, hata mshono hauonekani. Na meno yalimeremeta kama kioo.

"Nimeyasugua na kuyang'arisha," fundi alisema kwa fahari. "Zawadi."

Binti alikaa kitini polepole. "Umefuta."

"Nimefuta nini? Uchafu?"

"Chakula chake. Nyasi huacha mikwaruzo kwenye jino, mbegu ngumu huacha vishimo. Ni vidogo mno, huonekana kwa hadubini tu. Na kila mlo mpya hufuta wa zamani, kwa hiyo jino hutunza wiki za mwisho tu. Nilitaka kujua huyu alikula nini nyasi zilipokauka. Sasa sitajua."

Akaondoka. Usiku huo na kesho yake simu iliita mara kumi na moja, hakupokea.

"Ulimwambia asisugue?" dada yake mkubwa aliuliza, akimenya viazi.

"Nilimwambia asiharibu."

"Fundi meno huyo. Kwake kuacha mikwaruzo ndiyo kuharibu. Haya zako hizi, mdogo wangu, zitakuacha uolewe na swala."

Simu ikaita mara ya kumi na mbili. Dada akaionyesha kwa kisu, naye binti akapokea.

"Usikate," fundi alisema haraka. "Kuna chapa. Sigusi kitu kilichovunjika kabla sijachukua chapa yake, nijue kilivyokaa. Ni kama kunawa mikono, nani hutangaza? Umeondoka ndipo nikaikumbuka. Inafaa?"

Binti alishika ukingo wa meza. "Ulitumia dawa gani?"

"Ya lile boksi uliloniachia. Ilibaki kidogo baada ya bibi."

Kesho yake waliinama pamoja kwenye hadubini ya makumbusho, juu ya nakala iliyomiminwa kutoka kwenye ile chapa.

"Naona kama uso wenye ndui," fundi alinong'ona.

"Vishimo. Mikwaruzo michache sana." Binti aliizungusha nakala kidogo. "Alikula mbegu na matunda makavu. Alihangaika, maskini, lakini alipata." Akainua kichwa. "Ahsante. Na unisamehe. Nilipaswa kukueleza, nikaona haya."

"Nami ningeuliza kabla ya kusugua." Fundi alifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Nikisema nataka kukuoa, utaona haya pia?"

"Sana." Alitazama vifungo vya gauni lake, kisha akamtazama yeye. "Lakini safari hii nitasema. Ndiyo."

Fundi alitoa simu, akamwonyesha picha ya bibi kizee kwenye harusi ya mjukuu, akicheka kwa meno yote. Binti aliinamisha kichwa mbele ya picha ile, kama anayemshukuru mshenga.

"Na meno yangu leo yangekwambia nini?" fundi aliuliza.

"Mkate mkavu na chai, siku tatu mfululizo."

"Umejuaje?"

"Hata mimi ndicho nilichokula." Akazima taa ya hadubini, akachukua mkoba wake, safari hii bila kuusahau. "Twende tukale. Mlo mpya hufuta wa zamani."