Tano Mara Tano

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, msichana mmoja wa darasa la sita alivuta mikono ya sweta lake mpaka ikafunika vidole. Alizaliwa na vidole sita kila mkono. Jua liwake lisiwake, sweta halikumtoka mwilini. Wenzake walimwita Dazeni, na aliyeliita jina hilo kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Kipanga, kijana asiyejua nafasi ya pili inafananaje.

Siku moja mwalimu wa hesabu alitafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya shule zote. Maswali yakawachuja mpaka wakabaki wawili, Dazeni na Kipanga.

"Swali la mwisho," mwalimu alisema, akaandika 25 ubaoni. "Namba hii sikuiandika kwa makumi. Nimeiandika kwa dazeni. Tarakimu ya kushoto inahesabu dazeni, ya kulia inahesabu zilizobaki. Je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe?"

"Si tasa, mwalimu," Kipanga alidakia. "Ni tano mara tano. Hata mdogo wangu wa chekechea anajua."

Darasa likampigia makofi. Mwalimu akamgeukia Dazeni. "Na wewe?"

"Ni tasa, mwalimu."

"Njoo utuonyeshe."

Kuandika ubaoni ni kuinua mkono. Alitembea taratibu, akashika chaki, na mkono wa sweta ukateleza, vidole sita vikaonekana.

"Mwacheni ahesabu," Kipanga alisema. "Mwenzenu kazaliwa na kikokotoo."

Wakaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akajikohoza. Tabasamu hilo lilimchoma Dazeni kuliko vicheko vyote. Alitamani kurudi kukaa, lakini akirudi, mashindano ndiyo basi tena. Akaandika: dazeni mbili ni ishirini na nne, ongeza tano, ishirini na tisa. Akaigawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Kila mara kulikuwa na baki.

"Haigawanyiki," alisema. "Ni ishirini na tisa tu, hata tukiiandika vingine."

Mwalimu akaweka alama ya vema. "Atakwenda yeye."

Mtu wa nyuma akaimba, "Tano mara tano!" Wengine wakapokea. "Mwite mdogo wako wa chekechea akusaidie!" Kipanga akalaza uso juu ya dawati, mabega yakimtikisika. Dazeni akacheka. Alicheka kuliko wote, akimnyooshea kidole.

Mwalimu akagonga meza. "Basi. Nianze na mimi. Nilitabasamu pasipostahili. Nisamehe, binti yangu." Kisha akamtazama. "Lakini wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba namba haibadiliki kwa kuandikwa vingine. Ukatili nao ndivyo ulivyo. Ulikuwa juu yako, sasa mmeuhamishia kwake. Umehama tu, mwanangu. Haujapungua hata chembe."

Dazeni akaacha kucheka. Aliweka chaki chini, akaenda kwenye dawati la Kipanga.

"Hata mimi mwanzo niliona tano mara tano," alimwambia.

"Mwongo."

"Kweli. Nikakumbuka dazeni baadaye."

Kipanga akajifuta pua kwa kiganja, akasogea kidogo ili Dazeni akae.