Picha ya Teodora Ukutani

Teodora alikuwa amechoka hata kabla safari haijaanza. Stendi ya Makambako ilijaa watu na mizigo, naye amekaa juu ya begi, mama yake kamwegemea, wakisubiri basi la Njombe ili waunganishe hadi hospitali ya Ikonda. Kijana mrefu, jinzi yake ina madoa ya rangi, akainuka kwenye benchi.

“Mama akae hapa,” alisema. “Na wewe dada, inaonekana hujalala.”

“Sijalala tangu mwaka jana.”

Jina lake Hilario, mchora mabango wa Njombe. Basi lilipofika Njombe, namba ya Teodora alikuwa nayo. Tangu hapo akawa anapiga kila jioni.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Leo umechora nini?”

“Ng’ombe wa bucha. Mwenye bucha anasema amekonda.”

Jumamosi moja akampeleka kwenye uwanja wa mpira wa kiwanda cha mbao kilichofungwa zamani, nje kidogo ya mji. Miti ya miwati ilikuwa imeota hadi katikati ya uwanja, na jukwaa limefunikwa na kuvu. Kuta zake vijana walizijaza michoro: mabawa, nyuso, maandishi manene ya kila rangi. Teodora, amevaa sweta lake jekundu na kitenge, alikaa ngazini apumzike kidogo. Usingizi ukamchukua.

Baada ya wiki mbili binamu yake Lidia akamtumia picha. Ukuta mzima wa lile jukwaa ulikuwa yeye, amelala, mdomo wazi. Mpaka kwenye kundi la simu la kwaya yao picha ilikuwa imefika.

“Hilario, umenichora bila kuniuliza,” alisema kwenye simu.

“Ulikuwa mzuri, mpenzi.”

“Nilikuwa nimechoka. Uchovu wangu si wa kuwekwa ukutani watu waje kuupiga picha. Ifute.”

Akakata. Mwezi mzima hakupokea simu zake. Usiku alikuwa akikesha na mama, na mara nyingi akijikuta ameishika simu bila kuibonyeza.

Siku moja wakirudi kutoka kliniki ya Ikonda, walipofika Njombe, mama akasema, “Nipeleke nikauone huo ukuta. Naye mpigie, aje.”

Wakakodi bajaji. Hilario walimkuta na ndoo ya rangi nyeupe, macho chini.

“Shikamoo mama. Nimekuja kuifuta, kama alivyosema.”

Mama aliitikia, akasogea. Alisimama kwenye nyasi na fimbo yake, akautazama ukuta mpaka machozi yakamtoka.

“Usiifute,” alisema. “Tangu niugue sijamwona mwanangu akipumzika. Kumbe kwako alipumzika.”

Teodora alitazama pembeni, kwenye miwati. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

“Jumapili uje kwetu Kidugala na mshenga.”

“Mshenga? Hata samahani sijaomba.”

“Utaiomba njiani. Mambo ya kubembelezana upya, Hilario, nguvu hizo sina.”

Hilario akaiweka ndoo chini, akamshika mama mkono wa pili, wakarudi polepole kwenye bajaji.