Ada ya Muhula wa Pili

Mwezi wa pili, baridi ikiwa kali, kwetu mkoani Bayanhongor ni mwezi wa kujibana. Mbuzi wamekonda, maziwa hakuna, na nyama ya akiba inakatwa vipande vidogo vidogo. Asubuhi moja ya mwezi huo, miaka kadhaa iliyopita, nilipofika kwa mfugaji Sodnom, mkewe Handaa alikuwa anavunja barafu ya kuyeyusha kwa chai. Binti yao Nandin alikuwa anaokota kinyesi kikavu cha kuwashia moto. Sodnom alikuwa zizini, anapaka mbuzi rangi nyekundu kwenye pembe. Mbuzi aliyepakwa rangi ni wa kuuzwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya wilaya yetu. Nimemfundisha Nandin, na kabla yake nilimfundisha kaka yake, Tuguldur. Barua za kuwasifu zilizokwenda Korea niliziandika mimi, zote mbili. Nayasema haya mapema, kwa sababu lawama ya habari hii ninayo na mimi.

"Mwalimu, ingia upesi, usituingizie baridi hemani," alisema Handaa.

Nilikaa karibu na jiko, nikapewa bakuli la chai ya chumvi. Sodnom akaingia, vidole vimejaa rangi.

"Mbona umepaka wengi hivyo?" nilimuuliza.

"Mia na ishirini. Lori la mnunuzi linakuja leo mchana. Nandin keshapata barua ya shule ya lugha Korea. Ada ilipwe ndani ya siku nane."

"Lakini hao ni majike, na wana mimba."

"Madume nitayatoa wapi, mwalimu? Tumeshauza, tumeshakula."

Alikuwa na mbuzi mia mbili na kumi tu. Kondoo hawakufika hamsini.

"Na ukishauza hao, ada ya baadaye utalipa na nini?"

Sodnom alicheka. "Baadaye ipi? Tuguldur tulimlipia mara moja tu. Mengine akajimudu. Si wewe mwenyewe uliyewaambia watoto darasani?"

Ni kweli. Nilisema.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, Sodnom aliuza wanyama mia na hamsini ili Tuguldur aende Korea kusoma lugha, kisha aingie chuo kikuu. Baridi iliyofuata ikawa ya maangamizi. Theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena, majani yakafungiwa chini ya barafu. Mifugo ilikufa imesimama. Sodnom na Handaa walikokota mizoga mpaka mikono ikatoka damu. Katikati ya msiba huo Tuguldur alipiga simu. "Baba, msitume kitu," alisema. "Shule imenipa ufadhili." Handaa alilia kwa furaha, akamweleza kila aliyepita. Mimi nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Mwigeni Tuguldur." Tangu hapo watoto kumi na mmoja wa wilaya yetu wamekwenda Korea, na wazazi wao wote waliuza mifugo ya malipo ya kwanza tu.

Tulikuwa bado tunakunywa chai Dulmaa alipofika. Dulmaa ni daktari wa mifugo. Mnyama hapandi lori bila cheti chake. Yeye pia alisoma Korea, mwaka mmoja wa lugha na minne ya chuo, akarudi. Ni mwanamke mfupi, mkali, asiyejua kubembeleza.

"Kaka Sodnom, nimewaona hao wenye rangi," alisema kabla hajakaa. "Umeugua kichwa?"

"Wewe andika cheti, mdogo wangu. Kazi yako ni mikia ya ng'ombe. Mambo ya vyuo umeanza lini?"

"Nilianza siku nilipooshea Wakorea masufuria ili nile. Lori linakupa kiasi gani?"

"Tugriki elfu tisini kwa mbuzi."

"Bei ya mifupa. Jumla milioni kumi na laki nane. Ada ni ya muda gani?"

Nandin alijibu. "Nusu mwaka, dada. Ni won milioni tatu. Kwa hela yetu milioni saba na nusu hivi. Inayobaki ni ya ndege na ya wakala anayetupangia safari."

"Na nusu mwaka ukiisha?"

"Nitafanya kazi."

"Hapo ndipo mnapopotea," alisema Dulmaa. "Sikiliza, mdogo wangu. Mwanafunzi wa lugha haruhusiwi kufanya kazi miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo anaomba kibali, na saa zake ni chache, zinahesabiwa. Saa hizo zitakupa chakula. Ada hazikupi. Na ada si kitu cha mara moja. Shule ya lugha inadai kila baada ya wiki kumi, na ukiingia chuo unalipa kila muhula, mara mbili kwa mwaka, miaka minne. Kitanda cha bweni kinalipiwa. Bima ya afya inalipiwa kila mwezi, mgonjwa au mzima, hakuna kusema sitaki. Ukiiacha, kibali chako kinapata matatizo siku ya kukiongeza. Na kula je? Umesikia bei ya tufaha kule?"

Handaa aliweka birika chini. "Wakala hakutuambia hayo."

"Wakala anakula siku moja tu, siku mnayolipa. Na hela ya benki? Ubalozi unataka kuona kwamba mzazi ana akiba."

"Hiyo wakala atatuazima," alisema Sodnom. "Anaiweka kwenye akaunti yangu, tunachukua karatasi, anaitoa. Anatoza kidogo."

"Huo ni udanganyifu, kaka. Wakigundua wanamnyima binti viza, na jina lake linabaki na doa. Hata wasipogundua, umedanganya nani? Ile akiba wanaitaka kwa sababu ndiyo mtoto atakayoila. Karatasi hailiwi."

Sodnom alianza kukasirika. "Basi Tuguldur amewezaje? Tuambie wewe mwenye kujua kila kitu! Amewezaje?"

Dulmaa aliuliza kwa sauti ya chini, "Tuguldur yuko chuo gani?"

"Palepale."

"Pale ni shule ya lugha. Mtu hakai shule ya lugha miaka mitatu. Hata kibali chake hakifiki huko."

Mimi nilijiona mjinga kupita wote. Miaka mitatu nilikuwa namsifu yule kijana, na swali hilo moja sikuwahi kuliuliza.

"Mpigie," Dulmaa alimwambia Nandin. "Saa hizi wanakula."

Nandin aliweka spika, simu ikaita muda mrefu. Tuguldur alipopokea, nyuma yake palikuwa na kelele za mashine.

"Kaka," alisema Nandin, "baba anauza majike leo. Nakuja mwezi wa tatu. Nitafikia kwako."

"Usije."

"Nini?"

"Nandin, usije. Mwambie baba asiuze." Kisha akaongeza, "Hakuna ufadhili. Haukuwahi kuwepo."

Sodnom alimnyang'anya binti yake simu. "Unasema nini wewe? Miaka mitatu unanidanganya?"

"Ungenitumia nini, baba? Mama alikuwa ameniambia mmebaki na mizoga. Ningedai ada ya muhula wa pili kwa mizoga? Siku ya malipo ilipita, wakanifuta kwenye orodha. Kibali kikaisha. Sasa niko kwenye yadi ya taka, nachambua plastiki. Askari akipita barabarani, najificha nyuma ya marobota."

"Kwa nini hukurudi?"

"Nirudi na nini? Wilaya nzima inasema mimi ni msomi."

Halafu alisema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mashine ilikuwa imemponda vidole viwili mwaka uliopita. Bima hakuwa nayo, na hospitali aliiogopa. Alivifunga kwa kitambaa siku tisa. Vikaoza, vikakatwa.

Handaa aliinua uso. "Vya mkono gani?" aliuliza.

"Wa kulia, mama."

Handaa aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akaufumbata, akaenda kukaa kitandani.

Dulmaa aliichukua simu. Alimweleza Tuguldur taratibu kwamba anayejipeleka mwenyewe idara ya uhamiaji hatendewi sawa na anayekamatwa. Huenda akapigwa faini, huenda akazuiwa kurudi kwa miaka, lakini ataondoka akiwa mtu huru. Aulize kwanza ofisi ya ubalozi wetu, wala asimpe mtu wa kati hata won moja. Tuguldur alisema atafikiri. Kisha akaitwa kazini, simu ikakatika.

Lori lilifika saa saba. Sodnom alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi.

"Siuzi," alisema.

"Umenichomea mafuta bure!" alifoka mnunuzi. "Watoto wa wenzako wako Korea, wewe utabaki kunuka mbuzi."

"Nitanuka."

Nandin alikuwa amejifungia kwa shangazi yake hema la pili. Hakusema na baba yake wiki mbili. Nilipojaribu kumtuliza alinijibu, "Yeye alipewa nafasi yake, mwalimu. Mimi nimenyang'anywa kabla sijaanza." Alikuwa na haki ya kuumia.

Dulmaa hakumbembeleza. Alimletea vitabu vyake vya zamani vya Kikorea. "Lugha unaweza kuinunua kule kwa mamilioni," alimwambia, "au kuisoma hapa kwa bei ya daftari. Njoo kliniki kila siku saa nane. Usije na sura hiyo."

Mwezi wa nne wale majike walizaa. Walichanwa sufu laini kabla ya joto, na sufu ya kundi lote ikauzwa zaidi ya milioni nane. Pesa hiyo iliingia benki na ikakaa. Mwaka uliofuata ikaongezwa nyingine. Hapo Sodnom alielewa jambo ambalo mfugaji alipaswa kulijua kuliko sote, kwamba alikuwa anataka kuuza ada za miaka minne ili kulipa ya miezi sita.

Nandin alisoma na Dulmaa mwaka mzima, kisha miezi mitano mjini. Mtihani wa lugha alifeli mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili kwa daraja la nne, linalotosha kuingia chuo. Kwa cheti hicho aliomba chuo kikuu moja kwa moja, bila shule ya lugha na bila wakala. Fomu tulizijaza mezani kwangu. Chuo cha mkoani, mbali na Seoul, kilimpunguzia theluthi ya ada. Dulmaa akamwamuru aandike barua kuuliza: punguzo hili ni la muhula mmoja au yote? Jibu lilikuja kwamba litaendelea alama zake zikiwa nzuri. Kwa hiyo walipiga hesabu ya mwaka kana kwamba punguzo halipo, na kitanda, chakula na bima humo. Hakuondoka mpaka fedha za mwaka huo zikawa benki, za kwao wenyewe.

Tuguldur alirudi vuli ya mwaka uleule wa simu. Alijipeleka, akalipa faini kwa akiba yake yote, akazuiwa kurudi Korea miaka kadhaa. Alikuwa mwembamba, macho yanahamahama. Mwezi mzima hakutoka hemani mgeni akija. Sasa anachunga na baba yake.

Nilizunguka kwa wazazi wa wale kumi na mmoja, nikawaambia ukweli. Wengine walinifukuza. Wanne kati ya watoto hao wamekiri kwamba nao hawasomi tena. Mmoja, binti, hapokei simu tangu masika. Mama yake bado anawaambia watu amebanwa na mitihani.

Nandin alikwenda mwezi wa nane mwaka jana. Mwezi wa pili mwaka huu chuo kilituma hati ya malipo, na Sodnom alikuwa malishoni na kundi. Tuguldur alisema ataipeleka yeye. Nilimsindikiza.

Karani wa benki alikuwa msichana mdogo, mchangamfu. "Ada ya muhula upi, kaka?"

"Wa pili," alisema Tuguldur.

Alisaini polepole, kalamu imebanwa kati ya kidole gumba na kiganja. Karani alimpa risiti. Aliisoma, akaisoma tena. Kisha akakaa kwenye benchi mbele ya watu wote na kulia kwa sauti. Nilikaa naye, nikamshika bega.

"Ni hii tu, mwalimu," alisema. "Mimi nilikosa hii tu."