Mgeni wa Mstari wa Tatu

Spika zilikuwa hazijachomekwa, na bado zilikohoa.

Mchapaji aliinama chini ya meza akautafuta waya. Ulikuwa umelala sakafuni, haujaungana na kitu chochote. Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi Bure kwa sababu kila alichokisifu kilikuwa cha bure.

"Kikohozi gani, shemeji? Huo ni umeme tu."

Umeme tu. Tangu amwekee huo mfumo mpya wa kompyuta, jibu lake lilikuwa hilohilo. Mfumo wa zamani ulidai kulipiwa upya kila ukiwashwa. Huu umetengenezwa na watu wa kujitolea, hauna virusi, hauna bili, kila mtu yuko huru kuufungua na kuuchungulia. Haya, sawa. Lakini printa iligoma, intaneti ikawa inakuja inapojisikia, na kazi za wateja zikafunguka herufi zimevurugika. Naye anakula kwa kuchapa kazi za watu, palepale sebuleni. Alikuwa amechoka hoi.

Angeing'oa mashine yote akaitupa, kama si sauti za mama. Marehemu mama yake alirekodiwa humo akiwa mgonjwa: anacheka, anamgombeza, anaimba nusu ya wimbo na kusahau nusu. Hazikuwepo kwingine popote. Kwa hiyo siku ile ya kuuweka, mfumo mpya ulipouliza ufute vyote au ukae pamoja na uliokuwemo, mchapaji alimshika Fundi Bure mkono.

"Ukae pamoja. Ole wako upoteze sauti za mama."

Tangu hapo, kompyuta ikiwashwa, kioo kilionyesha mistari miwili ya kuchagua, mfumo mpya na wa zamani. Siku ya kikohozi ilikuwa mitatu. Wa tatu haukuwa na jina.

"Usiuchague tu," Fundi Bure alisema, lakini safari hii alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Sijauchagua. Unajichagua wenyewe."

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Mume alikagua soketi zote, akafuta vumbi, akafungua madirisha, harufu ikabaki. Kisha alasiri moja, mchapaji akiwa peke yake anahangaika na mkataba wa mteja aliyekwisha kupiga simu kulalamika, sauti ikatoka nyuma ya kioo, ya upole, ileile ya mama.

"Umeruka mstari, mwanangu."

Alifurahi. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba kabla ya kitu kingine chochote alifurahi, moyo ukampanda, akataka kuitika. Akaitazama karatasi, na kweli alikuwa ameruka mstari, akaurudisha mkono kwenye vitufe ausahihishe, na vidole vikafia hapohapo, kwa sababu mama yake, tangu azaliwe hadi wanamfukia, hakuwahi kujua kusoma.

Mganga aliletwa na mume kesho yake, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Alinusa vitufe, akasogea nyuma.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna," mchapaji alinong'ona.

"Hamkuulizwa, afukuzwe aliyemo au wakae pamoja?"

Fundi Bure akainamisha kichwa. "Ile ilikuwa ni mashine inauliza, mama."

"Na yeye alikuwa anapita, akasikia jibu. Hawa huingia kwa ruhusa. Sasa ameivaa sauti ya mama yako. Ikibaki, ana nguo. Futeni vyote."

"Nisibaki hata na moja?"

"Hata moja."

Alibonyeza mwenyewe. Na wakati vyote vinafutika, sauti ilimsihi, ikamwita kwa majina ya utotoni, ikasema ni baridi, ikasema mwanangu unanizika mara ya pili, na yeye akalia huku ameziba sikio kwa mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili hakukitoa, hadi sauti ikakatika katikati ya neno na sebule ikatulia.

Mganga alipoondoka, mfumo mpya uliwekwa peke yake. Intaneti ikashika mara moja. Printa ikachapa bila kubembelezwa, na mchapaji akaichukia kwa hilo.

Mume aliketi karibu naye, akamshika bega. Alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi.

"Usilie. Nilijua utaumia. Jana, kabla sijamfuata mganga, nilizihamishia kwenye simu yangu. Zote."

Mchapaji aliinua macho taratibu. Mume alikuwa bado hajaingiza mkono, simu ingali mfukoni mwa shati, imezimwa, ilipoongea.

"Ahsante, mkwe wangu."